Nyuki dume: kiumbe asiye na baba

NDUGU msomaji, baada ya swala ya Ijumaa moja alinisogelea kijana mfugaji wa nyuki, mkononi ana kipande cha sega kilichofungwa ndani ya gazeti kuukuu. Nilidhani ameniletea zawadi. Alipokifungua sikuona asali, niliona vyumba vya majana ya nyuki, vingine vimezibwa vizuri kwa nta na vingine vitupu, vimetapakaa kama matundu ya risasi ukutani.

"Sheikh wangu, nyuki wangu wamerogwa," aliniambia, nusu utani nusu huzuni.

Maelezo yake yalikuwa haya. Miaka michache nyuma alivusha kundi moja la nyuki mpaka kisiwa kimoja kidogo cha pwani yetu ambako hapakuwa na nyuki wa asali kabla yake. Mikoko ilikuwa ikichanua, adui ni wachache, na wezi hawafiki. Kundi lile akaligawa likawa mawili, kisha manne. Mizinga yenyewe ya fremu aliinunua kwa mkopo, na mkopo haujalipika. Mwanzoni asali ilikuwa nyingi. Sasa kila mwaka inapungua, nyuki ni wachache mzingani, na malkia anataga kila siku kama kawaida yake lakini majana hayajai. Mchawi hakumwona, siafu hakuwaona, dawa za mashambani kisiwani hakuna.

Nilimwombea dua na kumwahidi kwamba nitasoma. Nakiri kwamba dhana yangu ya kwanza ilikuwa ni maradhi tu. Sikujua kwamba ufumbuzi ulikuwa kwa kiumbe ambaye wengi wetu tukitaja nyuki hatumtaji kabisa, yaani nyuki dume.

Tuanze na hali yake, maana bila ya kuijua hayatafahamika yanayofuata. Katika mzinga mna malkia mmoja, vibarua maelfu kwa maelfu ambao wote ni majike, na madume mamia kadhaa au zaidi katika msimu wa maua. Dume hana mwiba. Hakusanyi chavua, hajengi sega wala halindi mlango. Ana macho makubwa yanayokutana utosini na mbawa zenye nguvu, na kazi aliyoumbiwa ni moja tu. Warina asali wetu humwita mvivu, na ukame ukija vibarua humburuta nje afe kwa njaa. Hiyo ndiyo sifa aliyonayo mitaani, na kwa muda mrefu hata wanazuoni hawakumtazama zaidi ya hapo.

Aristotle wa Wayunani alidhani mkuu wa mzinga ni mfalme. Waarabu nao walimwita mkuu huyo yaasub, wakimhesabu kuwa dume, na jina hilo likageuka kuwa sifa ya kila kiongozi. Ni katika karne ya 17 ndipo Jan Swammerdam wa Uholanzi alipompasua "mfalme" chini ya darubini akakuta ovari. Mwaka 1792 François Huber wa Geneva, mtu aliyekuwa kipofu na akitazama kwa macho ya mtumishi wake, alichapisha uthibitisho kwamba malkia hujamiiana nje, angani, wala si ndani ya mzinga. Kisha mwaka 1845 padri mmoja mfugaji wa nyuki wa Silesia, Jan Dzierzon, akatangaza jambo lililowachekesha wenzake: kwamba dume hutokana na yai ambalo halikurutubishwa. Kwa lugha nyepesi, nyuki dume hana baba.

Naomba nisimame hapa kidogo, kwa sababu jambo hili limetumiwa vibaya. Surat An-Nahl, aya ya 68 na ya 69, inamsemesha nyuki kwa kauli ya kike. Baadhi ya wahadhiri wamelichukua hilo wakalifanya hoja kwamba Kitabu kilitangulia sayansi kwa kusema kibarua ni jike. Mimi siafiki haraka hiyo. Wanafunzi wa nahau wanajua kwamba neno nahl kwa watu wa Hijazi lilikuwa likitumika kike, iwe nyuki anayekusudiwa ni jike au dume. Aya ile imetutaka tutafakari, na kutafakari kunahitaji kazi. Wala si heshima kwa Qur'ani kuiegemeza kwenye hoja ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Kiarabu anaweza kuiangusha.

Turudi kwa dume. Jike la nyuki lina kromosomu 32, nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Dume anazo 16 tu, zote za mama yake. Hana baba, ila anaye babu mzaa mama. Ukihesabu nasaba yake kurudi nyuma utamkuta mzazi mmoja, wazazi wa mzazi huyo wawili, juu yao watatu, kisha watano, kisha wanane. Waliosoma hisabati wataufahamu mfuatano huo mara moja.

Kutokana na upweke huo wa urithi yanatokea mambo mawili makubwa. Kwanza, dume hana pa kuficha aibu. Jike akirithi jeni mbovu kutoka kwa mama huenda jeni nzima ya baba ikamfunika, akaishi na kuzaa bila ya ubaya kuonekana. Dume hana nakala ya pili, hivyo kila alichorithi, kizuri au kibaya, hudhihiri mwilini mwake. Pili, kwa kuwa hana cha kugawanya, mbegu zake zote za kiume zinafanana naye na zinafanana zenyewe kwa zenyewe. Dume mmoja hubeba takriban mbegu milioni 10, na zote ni nakala moja iliyorudiwa mara milioni 10. Wataalamu wamelifurahia sana jambo hili. Wanampandikiza malkia mbegu za dume mmoja pekee, na mabinti wote watakaozaliwa wana urithi uleule wa upande wa baba. John Harbo na wenzake katika maabara ya serikali ya Marekani huko Baton Rouge walitumia njia hiyo katika miaka ya 1990 kutafuta nyuki wenye uwezo wa kuzaliwa nao wa kupambana na utitiri wa varoa.

Uzalishaji wenyewe wa dume una ratiba kali. Kutoka yai hadi kutoka chumbani ni siku 24, wakati kibarua huchukua 21 na malkia 16. Mbegu zake zote hutengenezwa akiwa bado ndani ya chumba kilichozibwa. Akishatoka, korodani husinyaa kadiri mbegu zinavyohamia katika vifuko vya akiba, na hupevuka akiwa na umri wa siku kumi na mbili hivi. Akipoteza akiba hiyo hapati nyingine. Alasiri za jua huruka kwenda mahali maalumu angani, makumi ya mita kadhaa juu ya ardhi, ambako madume ya mizinga mingi ya eneo zima hukusanyika kumngojea malkia kijana. Malkia hupandwa na madume kumi na mbili mpaka ishirini hivi, na kila anayefaulu hufa papo hapo. Katika mamilioni ya mbegu anazopokea, malkia huhifadhi kama milioni 5 tu, ambazo atazitumia miaka yote ya uhai wake. Hatoki tena kwa ajili hiyo.

Basi je, madume yote ni sawa? Hapa ndipo utafiti umeongezeka, na jawabu ni kwamba hayako sawa hata kidogo. Watafiti wakichukua madume kutoka kwa malkia wa koo mbalimbali, wakawalea mahali pamoja na kuwapima wakiwa na umri mmoja, hukuta tofauti katika ukubwa wa mwili, wingi wa manii, idadi ya mbegu na kiasi cha mbegu zilizo hai. Wapo hata madume wanaofika umri wa kupevuka na hawatoi manii yoyote. Kwa kuwa dume hakurithi chochote kwa baba, tofauti ya ukoo mmoja na mwingine, malezi yakiwa sawa, ni ushahidi unaoelekea moja kwa moja kwa mama.

Lakini nimesema malezi yakiwa sawa, na sharti hilo si dogo. Wazee wetu waliacha methali mbili zinazogombana: mtoto wa nyoka ni nyoka, na mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Dume akilelewa katika chumba chembamba cha kibarua badala ya chumba kipana cha madume hutoka mdogo, na kipimo kimoja kilichochapishwa mwaka 2003 nchini Ujerumani kiliwakuta madume wadogo wa namna hiyo na mbegu zipatazo milioni 7.5, huku wakubwa wana karibu milioni 12. Utitiri wa varoa, ambao hupendelea vyumba vya madume kuliko vya vibarua, hupunguza mbegu hizo. Joto kali huziua. Watafiti wa Uswisi na wenzao walionesha mwaka 2016 kwamba dawa mbili za kuua wadudu za kundi la neonikotinoidi zilifupisha umri wa madume na kupunguza mbegu hai kwa takriban asilimia 39. Kwa hiyo mfugaji anayemwona dume dhaifu asikimbilie kuulaani ukoo wake kabla hajautazama mzinga.

Tofauti iliyo wazi zaidi kati ya urithi na urithi huonekana ukitazama jamii mbalimbali za nyuki. Huko Sri Lanka wanaishi pamoja aina tatu za nyuki wa asali, na malkia wa aina zote tatu huvutia madume kwa harufu zinazokaribiana. Kwa nini basi hawachanganyikani? Mwaka 1976 ulichapishwa uchunguzi uliojibu sehemu ya swali hilo kwa saa ya mkononi. Madume ya nyuki mdogo, Apis florea, huruka baada tu ya adhuhuri. Ya nyuki wa Asia, Apis cerana, huruka alasiri inapoelekea mwisho. Na ya nyuki mkubwa wa majabalini, Apis dorsata, hutoka wakati wa magharibi, jua linapozama. Hakuna aliyewafundisha. Kila dume amezaliwa na saa yake.

Na hata ndani ya tumbo la malkia madume hushindana baada ya kufa kwao. Majimaji yanayobeba mbegu yana protini ambazo, kama walivyoonesha watafiti mwaka 2010, hudhuru mbegu za dume mwingine. Mwaka 2019 ilionekana kwamba majimaji hayo hayo hufifisha uoni wa malkia, na kwa njia hiyo humpunguzia safari nyingine za kutafuta madume.

Sasa nije kwenye habari inayotuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa karibu, na ambayo wengi hawaijui. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia kutoka Afrika Kusini na Tanganyika akawapeleka kwao. Nia yake ilikuwa njema, kupata nyuki wanaostahimili joto na kuzalisha asali nyingi kuliko wale wa Ulaya walioletwa na Wareno na wengine. Mwaka 1957, karibu na Rio Claro katika jimbo la São Paulo, mabumba 26 yakatoroka. Wajukuu wa nyuki hao walisambaa Amerika ya Kusini na ya Kati, wakaingia Texas mwaka 1990, na magazeti ya huko yakawaita "nyuki wauaji".

Madume yalikuwa na sehemu gani katika ushindi huo? Mwaka 1985 ulichapishwa utafiti ulioonesha kwamba madume wenye asili ya Afrika huhamia katika mizinga ya nyuki wa Ulaya, hupokewa na kulishwa, na mizinga hiyo ikishajaa wageni hupunguza kulea madume wake yenyewe. Mzinga wa Mzungu ukawa unalisha wachumba wa Kiafrika! Ikadhaniwa kwamba siri yote ni hiyo. Kisha mwaka 1989 wanasayansi wakapima vinasaba vya mitokondria, ambavyo hurithiwa kwa mama pekee, wakakuta kwamba makundi yaliyosonga mbele yalikuwa na mama wa Kiafrika. Maana yake ni kwamba mabumba yenyewe, malkia na vibarua wake, yalikuwa yakisafiri, na madume yakimalizia kazi kila yalipofika. Napenda kisa hiki kwa sababu kinaonesha jinsi elimu inavyojisahihisha bila ya kuona haya.

Tumefika sasa kwenye sega la kijana wetu. Jinsi ya nyuki huamuliwa na jeni moja iliyotambuliwa mwaka 2003, nayo ina sura nyingi. Duniani zimehesabiwa zaidi ya 100. Yai lililorutubishwa likiwa na sura mbili zinazotofautiana huwa jike. Lisiporutubishwa lina sura moja tu, huwa dume wa kawaida. Lakini likirutubishwa na sura mbili zikawa sawasawa, kwa sababu malkia na dume ni jamaa wa karibu, hutokea dume wa namna ya tatu, mwenye kromosomu 32, ambaye hafai kwa lolote. Vibarua humtambua mara tu anapoanguliwa, humla, na chumba hubaki kitupu. Jerzy Woyke wa Poland aliyathibitisha haya mwaka 1963.

Hesabu yake ni rahisi. Malkia akipandwa na dume mwenye sura aliyonayo yeye, nusu ya watoto wanaotokana na dume huyo hupotea. Katika bara, ambako angani hukutana madume wa mizinga ya vijiji kadhaa na wa mapangoni na mitini, hasara hiyo haionekani kwa kuwa madume ni wengi na wageni. Kisiwani kwa kijana wetu makundi yote manne yalitokana na mama mmoja. Malkia wote walikuwa dada au binti, na kila dume aliyeruka juu ya mikoko ile alikuwa kaka au mjomba.

Nilimweleza hayo. Akanyamaza, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: amesikia kwamba ng'ambo mbegu za nyuki dume huuzwa zikiwa ndani ya mirija, je, Muislamu anaweza kununua?

Ni kweli kwamba upandikizaji upo. Lloyd Watson wa Marekani aliufanikisha katika miaka ya 1920. Malkia hulazwa kwa hewa ya kaboni dayoksaidi, madume hubanwa mpaka watoe manii, na kila mmoja hutoa kadiri ya mikrolita moja na kufa. Hapa pana masuala mawili ya kifiqhi. La kwanza ni ile hadithi aliyoipokea Ibn Umar, iliyomo katika Sahih Bukhari, inayokataza kulipia upandaji wa dume la mnyama. Jamhuri ya wanazuoni waliichukua kuwa ni katazo la kuuza na kukodisha. Imam Malik akaruhusu kukodisha dume kwa muda unaojulikana. Sababu waliyoitaja wengi ni kwamba kinachouzwa hakijulikani wala muuzaji hana uwezo wa kukikabidhi. Manii yaliyopimwa kwa mikrolita na kutazamwa kwa darubini yametoka kwa kiasi fulani katika hali hiyo, lakini aliye makini, kwa maoni yangu, alipe ujira wa fundi na vifaa vyake, na mbegu apewe kama zawadi. La pili ni hadithi ya Ibn Abbas katika Abu Daud inayomtaja nyuki miongoni mwa viumbe vinne vilivyokatazwa kuuawa. Dume anayetolewa manii hufa, ingawa angekufa vilevile kwa kujamiiana angani. Sioni kwamba haja ya kweli imefungiwa mlango, ila sioni pia haja hiyo kwa mtu ambaye dawa yake iko ng'ambo ya mkondo wa bahari kwa nauli ya mashua.

Ndivyo nilivyomshauri. Asiagize malkia kutoka nchi za mbali, kwani kilichotokea Rio Claro kilianza kwa nia njema kama yake. Nyuki wa pwani yetu wanatambulika kwa jina lao, F. G. Smith, aliyekuwa ofisa wa nyuki Tanganyika, aliwaeleza mwaka 1961 kuwa ni jamii peke yao, litorea, na wale wa milimani monticola. Achukue mabumba mawili au matatu kutoka vijiji tofauti vya pwani ileile ayavushe. Tena nikamwonya asitarajie nafuu wiki ya pili, maana malkia wa zamani ameshamaliza safari zake na hatapandwa tena. Sharti madume wageni walelewe na wapevuke, siku 24 na nyingine kumi na mbili, kisha malkia wapya wazaliwe na waruke kukutana nao.

Alivusha mabumba matatu. Moja lilihama siku ya tatu, halikuonekana tena. Miezi mitano baadaye alinikuta barazani, akatoa simu yake, akanionesha picha ya fremu iliyozibwa kutoka pembe hadi pembe, na nyingine ya mzinga wa tatu, ambao bado una matundu kwa sababu malkia wake ni yule wa zamani. Ananiuliza ambadilishe sasa au asubiri mikoko ichanue.